Hata samaki wa tangini huingiwa na fadhaa

Ukishuka matatu jioni pale Kawangware 46, au ukifuata reli inayokata mtaa wa Kibera wakati watu wanarejea kutoka vibaruani, pua itakuambia kabla ya macho: kuna samaki wanakaangwa. Akina mama wameinjika makarai ya mafuta, na juu ya meza za mbao wamelala ngege waliopasuliwa ubavu, omena waliokaushwa na, kwa yule ambaye mfuko wake umetoboka, mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Wewe msomaji huuliza bei, ukamtazama samaki jicho, ukalipa na kwenda zako. Ni nadra sana kuuliza huyo samaki aliishije kabla ya kufika hapo mezani.

Swali hilo si la mzaha. Kwa anayenunua, linahusu nyama anayowapelekea watoto. Kwa anayefuga, linahusu akiba ya miezi mingi, maana samaki wanaweza kufa kwa makumi bila jeraha wala kidonda, mwenyewe akabaki ameshika tama. Majirani watasema ni kijicho. Wengine watasema aliyeuza vifaranga ni mwizi. Lakini aghalabu muuaji ni mgeni asiyeonekana kwa macho: mfadhaiko.

Naam, samaki hufadhaika. Usicheke kwanza, soma.

Zamani tulimjua samaki wa ziwani na wa baharini, basi. Ni kweli kwamba serikali ya mkoloni ilianzisha kituo cha kufugia samaki huko Sagana mwaka 1948, lakini kwa miaka mingi kazi hiyo ilibaki ya wachache. Mambo yalibadilika mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchangamsha uchumi, ikaagiza vidimbwi 200 vichimbwe katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kati ya 210 yaliyokuwepo wakati huo. Kila kidimbwi kilikuwa cha mita mraba 300 na kilikusudiwa vifaranga 1,000, yaani samaki watatu na ushei kwa kila mita mraba. Iweke hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Sasa, Kibera au Kawangware ni nani aliye na mita mraba 300? Mahali ambapo familia nzima hulala katika chumba cha futi kumi kwa kumi, anayetaka kufuga hutafuta tangi la plastiki, pipa, au shimo dogo lililotandazwa nailoni nyuma ya ploti. Sheria nayo haimwandami kama enzi zile askari wa jiji walipokuwa wakifyeka mahindi ya watu kando ya barabara. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa hivyo mlango uko wazi kwa anayetaka kujaribu, na bei ya samaki ilivyopanda, wanaotamani ni wengi.

Tatizo ni kwamba tangi si ziwa. Samaki wa ziwani akichukizwa na maji au akitishwa na kishindo, hupiga mkia na kuondoka. Wa tangini ataenda wapi? Hata waliofungiwa ndani ya ziwa lenyewe hawana nafuu. Mwaka 2022 wenye vizimba upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipata hasara kubwa baada ya maji yaliyopungukiwa na oksijeni kupanda kutoka chini ya ziwa. Samaki wao walikuwa na ziwa zima kandokando yao, lakini kati yao na maji mazuri kulikuwa na wavu.

Mwili wa samaki aliyeshtuka

Neno mfadhaiko tumezoea kulitumia kwa binadamu anayeandamwa na kodi ya nyumba. Aliyelitia maana ya kisayansi ni Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi akieleza kwamba panya waliopatishwa tabu za namna mbalimbali, kama vile baridi, majeraha au dawa kali, miili yao iliitikia kwa namna moja.

Chukua mfano wa mchuuzi wa soko la Toi anayeona gari la askari wa kaunti, wale ambao bado tunawaita kanjo. Moyo unamdunda, mdomo unakauka, nguvu ambazo hakujua anazo zinamjia, anakusanya bidhaa na kutoweka. Hiyo ni kazi ya homoni iitwayo adrenalini. Nyuma yake hufuata nyingine, kotisoli, inayoamuru sukari imwagwe katika damu ili misuli ipate mafuta ya kuendeshea kazi. Akikimbizwa mara moja atapumzika na kusimulia wenzake akicheka. Akikimbizwa asubuhi, mchana na jioni kwa miezi mitatu, atakonda, hatalala, na mafua madogo yatamlaza kitandani.

Samaki ana homoni hizo hizo. Tofauti ni kwamba sisi tuna tezi maalumu juu ya figo, ilhali seli za samaki zinazotengeneza kotisoli zimo ndani ya sehemu ya mbele ya figo lake, nyuma kidogo ya kichwa. Mfukuze kwa ndoo kwa dakika moja tu, kotisoli itapanda na itachukua saa kadhaa kushuka.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui, na mimi naliona ndilo kiini cha vifo vingi vya ghafla. Damu ya samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ina chumvi kuliko maji anamoogelea. Kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, na chumvi humtoka. Yeye hupambana na hali hiyo kwa kukojoa bila kukoma na kwa kuivuta chumvi irudi mwilini. Akishtuka, damu nyingi husukumwa kwenye matamvua ili apate pumzi zaidi, na mlango huo wa pumzi ndio huo huo unaovujisha chumvi. Ndiyo sababu vifaranga hufika nyumbani wakiogelea vizuri, mwenyewe akashukuru Mungu, halafu siku ya pili wakaanza kuelea tumbo juu. Hawakufa kwa maji ya siku ya pili. Walikufa kwa safari.

Dawa yake haina gharama. Wanaosafirisha samaki hutia chumvi ya kawaida katika maji ya safari, takriban gramu 5 kwa lita, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Tofauti kati ya damu na maji hupungua na samaki hupoteza kidogo. Vifaranga hunyimwa chakula siku moja kabla ya kuondoka, maana samaki aliyeshiba huyachafua maji kwa kinyesi na kwa amonia inayotoka katika matamvua yake. Mfuko wa nailoni hujazwa maji thuluthi moja, na thuluthi mbili zilizobaki hutiwa oksijeni. Ukifika nyumbani, usiwamwage tangini kama anayemwaga uji. Acha mfuko uelee juu ya maji kama dakika 20 ili joto lilingane, kisha tia ndani yake maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo uwaache watoke wenyewe.

Kelele za mtaa

Je, samaki husikia? Husikia, tena sana. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Samaki ana masikio ndani ya fuvu, na juu ya hayo ana mstari ubavuni wenye vinyweleo vidogo mno vya kuhisi maji yanavyotikisika. Kambare amepewa zaidi: mifupa midogo huunganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kibofu kikafanya kazi kama ngozi ya ngoma. Ngege hana mifupa hiyo, kwa hivyo husikia kwa kiasi.

Fikiria basi tangi lililoegemezwa ukuta wa kinu cha kusaga unga. Au lililowekwa hatua tatu kutoka kwa vipaza sauti vya kanisa, au chini ya paa la mabati msimu wa masika, mvua inapopiga kama changarawe. Sauti inayovuma vilevile siku zote, samaki huweza kuizoea. Inayomsumbua zaidi ni ya ghafla: mlango wa chuma unaobamizwa, ndoo inayoangushwa, mtoto anayegonga tangi ili aone wakiruka. Na hiki ndicho kichekesho cha mitaa yetu, kwamba aliye na samaki hugeuka kuwa na jumba la makumbusho. Kila mgeni apelekwe akaone, kila kijana aingize mkono. Ngege jike hulea mayai mdomoni. Akisumbuliwa huyatema, au huyameza. Umeonyesha wageni samaki, umepoteza kizazi.

Kivuli nacho humtisha, kwa sababu samaki amejua tangu kale kwamba kinachopita juu ghafla ni ndege. Mabati yaliyoinuliwa kidogo au wavu mzito juu ya tangi humpa utulivu, na humzuia paka. Ila wavu usiguse maji, kwa maana kambare huja juu kuvuta hewa. Na kwa kuwa ploti zetu zimejaa watoto wadogo, mfuniko imara wenye kufungwa ni lazima hata kama samaki wenyewe wasingeuhitaji. Mtoto anayetambaa huweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana.

Msongamano na ubabe

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya samaki watatu kwa mita mraba. Tangi la lita 1,000 halizidi sana mita mraba moja kwa upana, na bado utasikia mtu ametia vifaranga 300 akitumaini kuvuna 300. Kidimbwini kuna kijani cha majini kinachotoa oksijeni mchana na kumlisha samaki bure. Tangini hakuna. Kila pumzi na kila tonge ni juu yako. Wasio na pampu ya hewa na wasioweza kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara wanapaswa kuanza na wachache mno, hata kama majirani watawacheka.

Msongamano hauui kwa kukosesha pumzi peke yake. Ngege ni mbabe. Madume hugawana sehemu, mmoja akawa mzee wa mtaa, wengine wakasukumwa pembeni wakiumwa mapezi. Anayeonewa hali, hakui, na rangi yake hugeuka nyeusi. Watafiti wa Brazil walieleza mwaka 2003 kwamba hata jicho husema: ngege aliyeshindwa, sehemu inayozunguka mboni huwa nyeusi, ilhali la mshindi hubaki jeupe jeupe. Wewe mwanafunzi unayetafuta jambo la kufanyia mradi wa sayansi shuleni, huna haja ya maabara. Keti kimya kando ya tangi na daftari, hesabu macho.

Kambare, kwa upande wake, atakuchanganya akili. Kwa akili ya kawaida ungedhani ukimpa nafasi kubwa atatulia. La. Utafiti uliofanywa Uholanzi ulionyesha kwamba kambare wetu huyu wa Afrika hupigana na kuumana zaidi wakiwa wachache, na wakijazana hupunguza ugomvi. Huyu huvuta hewa ya juu, kwa hivyo uhaba wa oksijeni majini haumwogopeshi kama ngege. Kinachowamaliza kambare wadogo ni tofauti ya ukubwa, maana mkubwa humla mdogo. Wapange kwa vimo tangu mapema, lakini ufanye hivyo mara chache, kwa mikono iliyoloweshwa na wavu laini, kwa sababu kila ukiwashika unawapaka fadhaa nyingine na kuwatoa ule ute unaowakinga na viini.

Maji ya Nairobi

Jiji hili lenyewe lina tabia zake. Liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa huku ni nyepesi, maji yetu hubeba oksijeni pungufu, karibu sehemu moja kati ya tano, kuliko maji ya Mombasa yenye joto sawa. Ngege hupenda joto la nyuzi 27 hadi 30. Likishuka chini ya 20 hamu ya chakula humwisha, na mwezi Julai usiku wa Nairobi ni wa blanketi mbili. Usimlazimishe. Chakula asichokula huzama, kikaoza, kikazaa amonia, na amonia ikamchoma matamvua aliyekuwa tayari amedhoofika. Pia usiwahamishe wala kuwapima wakati wa baridi hiyo. Ngozi iliyochubuka katika maji baridi huota ukungu mweupe kama pamba.

Maji ya bomba yametiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo ni sumu kwa matamvua. Anayenunua mitungi kutoka kwa mkokoteni na kuimimina moja kwa moja tangini amewatia samaki katika dawa. Yaache maji wazi siku moja au mbili kwanza, na ubadilishe sehemu tu, usiyamwage yote kwa mkupuo. Kwa upande mwingine, usishawishike na maji ya bure ya mto Ngong au ya bwawa la Nairobi linalopakana na Kibera. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya jiji, na kuna wakati watu walikuwa wakiendesha mashua huko na kuvua. Tangu hapo limemezwa na magugu na uchafu wa vyoo.

Halafu kuna stima. Anayetegemea pampu ya hewa na kujaza tangi kwa sababu anayo, amefunga maisha ya samaki kwenye waya. Usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilitanda karibu nchi nzima na maeneo mengine hayakupata umeme hadi siku iliyofuata. Samaki waliosongamana hawawezi kungoja kiasi hicho. Wenye busara huweka betri, au huwa tayari kuchota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, usiku kucha ikibidi, ili yachanganyike na hewa.

Utajuaje kwamba wako taabuni? Amka kabla ya jua. Alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa, hasa kama maji yamekuwa kijani. Ukiwakuta wote wamepanda juu wakifungua midomo kama wanaoimba, hiyo si furaha. Tazama pia vifuniko vya matamvua vinapiga kwa kasi gani, nani amejitenga kwenye kona, nani amegeuka mweusi, na chakula kinachukua muda gani kuisha. Magonjwa yatokanayo na bakteria, yenye kuvimbisha macho na kuacha vidonda ubavuni, mara nyingi huja nyuma ya dalili hizi. Viini vyenyewe huwemo majini siku zote vikingoja samaki apungukiwe na kinga. Ukikimbilia dawa bila kuondoa kinachowafadhaisha, umemwaga pesa.

Kisu nacho

Kuna wanaosema samaki hana uchungu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, wakifanya kazi Uskoti, walionyesha kwamba samaki aina ya trauti wana neva za kupokea maumivu mdomoni na kichwani, na wakichomwa sindano ya asidi mdomoni huacha kula na kusugua midomo yao kwenye changarawe. Ubishi haujaisha miongoni mwa wataalamu kuhusu anachokihisi hasa samaki, lakini mimi naona mwenye kutaka ushahidi zaidi ya huo anatafuta kisingizio.

Hata asiyejali uchungu wa samaki anajali mlo wake. Samaki aliyekimbizwa kwa wavu nusu saa, akaachwa atapetape ndooni mpaka afe, hutumia akiba yote ya nguvu iliyokuwa katika misuli. Asidi hujaa nyamani, mwili hukakamaa mapema, na nyama hulegea na kuharibika upesi. Kwa mama wa Kawangware asiye na friji, saa hizo chache ni faida au hasara ya siku nzima. Samaki aliyefungiwa chakula siku moja, akatolewa kwa utulivu, akapigwa kichwani mara moja kwa nguvu na kulazwa kwenye barafu, hudumu zaidi.

Wafugaji wengi wa matangi hupasulia samaki pale pale kando ya wenzake, na maji ya kuoshea yakarudi ndani. Karl von Frisch, yule Mwaustria mashuhuri kwa utafiti wa nyuki, aligundua mwaka 1938 kwamba ngozi ya samaki wa aina fulani ikichanika hutoa kitu majini ambacho huwatia wenzake hofu. Kambare ni miongoni mwa jamii hiyo. Wanaobaki hupata habari za kisu kwa kunusa, wakagoma kula. Basi pasulia mbali na tangi, na maji hayo ya kuoshea yamwagie magunia ya sukuma wiki, yatayapenda.